Mizinga Miwili ya Fort Jesus

Umewahi kusafiri na mtu ambaye hamsemeshani? Mimi yamenikuta. Wikiendi ya Mombasa tulishailipia, mimi na baba watoto, halafu siku mbili kabla ya safari nikagundua amemkopesha ndugu yake hela ya ada bila kuniambia. Watoto tukawaacha kwa bibi yao. Kutoka Dar hadi Mombasa, ndani ya basi, ni "nipishe" na "asante" tu.

Jumamosi tukaingia Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590. Humo kuna mizinga miwili ya meli za kivita, mmoja wa Mjerumani, mwingine wa Mwingereza. Na hapo ndipo niliposimama.

Wa Mjerumani umetoka kwenye Königsberg, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1905 huko Kiel na kufika Dar es Salaam Juni 1914, ikiwa na mizinga 10 ya aina hiyo. Agosti vita vikaanza. Alfajiri ya Septemba 20, 1914 ikaivizia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Hata saa moja haikufika, Pegasus ikawa hoi. Walikufa mabaharia 38, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe.

Lakini mshindi naye hakufika mbali. Injini ilimsumbua, akajificha kwenye delta ya Rufiji, kwenye mikoko. Waingereza wakamzingira kwa miezi. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na Severn na Mersey, meli zilizoweza kupita maji mafupi, Wajerumani wakaizamisha manowari yao wenyewe.

Unadhani yaliishia hapo? Wapi! Wajerumani wakaitoa mizinga yote 10 na kuipeleka nchi kavu. Waingereza nao wakaiopoa ya Pegasus. Meli zimekufa, ugomvi unaendelea!

Sasa jiulize, nani aliyeikokota mizinga hiyo porini? Ni babu zetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Kariakoo tunayoenda kununua vitenge ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Wahenga walishasema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

Mahasimu hao wawili leo wako pamoja, kimya, wanapigwa picha na watalii. Wao wamepatana. Wapagazi je?

Simu ikalia. Ni mwanangu wa kwanza, miaka tisa. Hakuuliza zawadi. Aliuliza, "Mama, wewe na baba mmeshaongea?"

Jamani, kumbe walikuwa wanasikia kila kitu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunarushiana makombora, mizigo wanabeba wao.

Nikampa baba yake simu. Alipomaliza kuongea na mwanawe, akanivuta kivulini, tukakaa. Hela ya ada bado haijarudi, sitakudanganya. Lakini jioni ile tulikula viazi karai pamoja, na tukapanga tutailipaje.

Ukifika Mombasa, kaione mizinga ile. Na kama mmenuniana, nendeni wote wawili.