Feni Ilipoachana na Mkanda

Kwa miaka mingi magari yaliyopanda kwetu Mbaga yalikuwa na feni ya aina moja tu: panga la bati lililofungwa kwenye wota pampu, likivutwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya injini. Injini ikizunguka, nalo linazunguka. Halina swichi, halina waya. Land Rover ya mjomba, ambayo nilikuwa utingo wake baada ya kumaliza darasa la saba, ilivuma kwa feni kuliko kwa ekzosi, na watu wa juu walijua tunakuja kabla hatujatokeza kwenye kona.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mkanda. Ukilegea unalia asubuhi. Ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka palepale, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha na altaneta, kwa hiyo dereva anajua kabla hata mshale wa joto haujasogea. Miaka ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu kama sukari, tulikata tyubu ya gurudumu, tukaizungusha kwenye puli, tukaifunga fundo, tukafika. Maji tulichota kwenye mifereji inayotoka kwenye ndiva, mabwawa ambayo Wapare wameyatumia kumwagilia mashamba tangu enzi za mababu. Yana tope, na tope hilo ndilo lililoziba rejeta polepole, lakini gari likichemsha mlimani hakuna anayechagua maji.

Feni ya kwanza yenye waya niliyoiona ilikuwa ya Peugeot 404. Gari lenyewe lilikuwa na heshima zake. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, akiwa na Chris Rothwell. Feni yake bado ilitegemea mkanda, ila kati ya puli na panga Wafaransa walitia sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, sumaku inashika na panga linazunguka, yakipoa, inaachia. Palikuwa na skrubu tatu ambazo ukizikaza, panga linajifunga na puli moja kwa moja, ziwe za dharura sumaku ikifa. Mafundi wetu walizikaza hata kwenye gari zima. Mjomba alisema hataki feni inayojifikiria.

Kisha zikaja Corolla. Toyota walipoitoa Corolla mpya mwaka 1983, kwenye sedani za kawaida walihamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele na kuilaza injini kwa upana wa gari. Jambo hilo, ambalo wanunuzi wengi hawakuliwazia, ndilo lililoigeuza kazi yetu. Puli sasa inatazama gurudumu, haitazami rejeta, na hakuna mkanda utakaoizungusha feni iliyo upande mwingine. Ikabidi feni ipewe mota yake, fyuzi yake, relei yake, na swichi ya joto inayochungulia maji. Hapa Same zilianza kujaa miaka ya 1990, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshahama utingo nikawa fundi umeme, chini ya mwarobaini karibu na stendi.

Mara nyingi mteja aliyeniletea tatizo la feni alitoka mlimani. Anayekwenda Moshi au Korogwe anaweza kuendesha na feni mfu mwaka mzima asijue, kwa sababu akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa upepo unaopita kwenye rejeta unatosha na kubaki. Akikata kushoto apande Mwembe, namba moja, mwendo wa mtu anayetembea, na huku upepo wa Same unamsukuma mgongoni, ndipo rejeta inapotafuta hewa na kuikosa. Juu zaidi kuna hasara nyingine: kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Mfuniko wa rejeta unafidia kwa kuyabana maji, yakapita nyuzi 110 bila kuchemka, mradi springi yake iwe nzima na mtu asiufungue gari likiwa la moto. Nimeshaona mikono iliyobabuka, na sitaki kuona tena.

Nakumbuka zaidi Corolla ya mwalimu mmoja wa kike iliyopita kwa mafundi kadhaa kabla ya kufika kwangu. Walikuwa wametoa thamostati, wakabadili rejeta, wakamwambia sasa ni gasketi ya hedi, na bei aliyotajiwa ilikaribia mshahara wake. Akanikabidhi ufunguo bila kukaa.

"Shikamoo fundi. Nawe sema ni injini, nijue moja."

"Marahaba mwalimu. Ngoja kwanza nimuulize mwenyewe."

Nikafungua ufunguo bila kuwasha injini, nikachomoa plagi ya swichi ya joto. Kwenye Toyota za wakati ule swichi hiyo imefungwa maji yakiwa baridi, na inafunguka yakipata joto la nyuzi 90 na kitu. Waya ukikatika, feni inakwenda yenyewe, maana mtengenezaji alipenda ikosee upande wa kupoza. Magari mengine yako kinyume, unachomoa na hupati kitu mpaka uziunganishe nyaya mbili kwa kipande cha waya. Ya mwalimu ilipaswa kuzunguka. Haikuzunguka.

Fyuzi nzima. Relei nikaibadilisha na ya honi iliyofanana nayo, kimya. Nikaenda kwenye plagi ya mota yenyewe na mita: volti 12. Hapo wenzangu waliotangulia, kama walifika, wangesema mota imekufa. Lakini mita haili umeme. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima bado utaionyesha volti 12, na mota inayotaka ampea kumi au zaidi haitapata kitu. Kwa hiyo mimi hutumia balbu ya breki, wati 21, iliyochomelewa nyaya mbili. Nikaigusisha kwenye plagi, ikatoa rangi ya chungwa, mwanga wa kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikahamisha waya mmoja wa balbu kutoka kwenye negativu ya plagi hadi kwenye negativu ya betri, ikawaka nyeupe. Basi njia ya kuleta umeme nzima, njia ya kurudisha ndiyo mbovu.

Nikaufuata waya wa bodi mpaka kwenye boliti moja chini ya taa ya kushoto. Kichwa cha boliti kilikuwa kisafi. Chini yake temina ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nikaikwangua kwa msasa, nikaibana upya, nikapaka grisi. Feni ikavuma hata vumbi la njia ya Kisiwani likaruka kutoka kwenye rejeta. Mwalimu akauliza bei mara mbili, akidhani hakusikia. Thamostati nilimrudishia mpya, maana kuitoa ni desturi mbaya iliyotapakaa: maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na ugonjwa wa kweli unabaki palepale.

Mota nazo hufa, sikatai. Dalili yake unaigonga kwa mpini wa bisibisi inashtuka na kuzunguka: kaboni zimeisha. Zamani tulichukua kaboni za stata, tukazisaga kwenye sakafu ya saruji mpaka ziingie. Na mtu akikuunganishia mota akageuza nyaya, feni itazunguka vizuri tu, lakini inasukuma hewa mbele huku upepo wa barabara unakuja nyuma. Weka karatasi mbele ya rejeta. Isiponata, geuza nyaya.

Ninaloshindana nalo mpaka leo ni dairekti. Fundi anaona swichi ya joto inamsumbua, anavuta waya kutoka betri mpaka kwenye kitufe kwenye dashibodi, anamwambia dereva awashe akianza kupanda. Dereva anakumbuka siku zote ila ile anayopigiwa simu kwenye kona ya mwisho. Vijana wanaofanya kazi nami sasa wana vifaa vya kusoma kompyuta ya gari kwa simu, wanaona joto la maji kwa tarakimu, na baadhi ya magari mapya hubadilisha kasi ya feni kidogo kidogo badala ya kuwasha na kuzima. Hawaelewi kwa nini mtu akatae kurudishiwa mfumo wa kiwandani.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Vudee na gari lenye kitufe cha namna hiyo. Kijana akataka kukitoa, mzee akagoma kabisa. Alisema akikibonyeza na kuisikia feni ndipo roho inatulia. Nikamtuliza kijana. Tukafunga swichi mpya ya joto na relei, na kitufe tukakiacha, ila tumekiunga kiasi kwamba kinaweza kuiwasha feni lakini hakiwezi kuizuia. Akisahau kukibonyeza, feni itajiwasha. Akisahau kukizima akalala, betri ni yake.