Mume wa Bibi Anasoma

Najua nimepotea muda mrefu, msinirushie mawe. Mitihani, halafu malaria, halafu uvivu wa kawaida. Leo nina saa mbili kabla ya kipindi cha saikolojia ya elimu, na kuna jambo nimelibeba tangu likizo ya 2024. Acha nilitue hapa.

Wanaonijua wanajua kwetu ni Kilwa, ukishapita Nangurukuru unashika njia ya Lindi, kule upande wa Kiranjeranje. Julai ile nilifika nyumbani nimechoka, barabara ya Somanga bado ina viraka vya Kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano. Nia yangu kula na kulala. Siku ya tatu mtendaji wa kijiji akaniita: kuna mwanafunzi wa SUA, anasoma uzamili, mambo ya kilimo na maendeleo ya jamii, anatafuta kijana wa kumsaidia kuuliza watu maswali. Posho ipo. Kusikia posho, uchovu ukaisha.

Jamaa kwao Njombe. Mpole, miwani, kofia pana. Kijiji kikambatiza Bwana Shamba. Kila akijieleza kwamba yeye si afisa ugani, ni mtafiti, anajibiwa, "Sawa Bwana Shamba, sasa hawa wadudu kwenye mikorosho yangu tuwafanyeje?" Mwisho akasalimu amri. Asubuhi anakagua mikorosho ya watu, mchana ndiyo anauliza ya kwake.

Ya kwake yalikuwa ufuta. Kwa asiyejua: kwetu ufuta unatakiwa upelekwe ghalani kupitia chama cha msingi, upimwe, uuzwe kwa mnada, hela iingie benki. Ndiyo stakabadhi ghalani, sheria yake ni ya 2005. Njia ya pili ni kangomba. Huyo mchuuzi anakuja na chombo chake cha kupimia na hela taslimu, hata ufuta ukiwa bado shambani. Imepigwa marufuku, ila watu wanauza. Bwana Shamba alitaka kujua kwa nini. Kwenye dodoso majibu yalishapangwa: hajui bei, ghala liko mbali, hana elimu ya mfumo, hauamini ushirika. La mwisho kabisa, "nyingine, taja".

Siku nne, dodoso kumi na tisa. Umewahi kuuza kangomba? Hapana, mara kumi na tisa. Na usiku tunazisikia pikipiki zinavyopita na viroba!

Jioni moja tukila chapati barabarani akanisimulia mpango wa karanga wa Waingereza, ambao mimi sekondari nilikariri mistari miwili tu nikafaulu. Ulianza 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Wakaleta hadi matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Wakajenga na reli. 1951 ukafungwa, umeshameza kama pauni milioni 36, na reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. "Walikuja hesabu zimekamilika," akasema. Akaitazama tableti yake, akanyamaza muda mrefu.

Kesho yake bahati nasibu ikaangukia kaya ya Bibi yangu. "Hii naifanya mwenyewe, wewe ni ndugu." Nikakaa pembeni namenya mihogo.

Shikamoo, marahaba. Umri, wa kukadiria. Hali ya ndoa, mjane. Yakaja maswali ya mfumo, na hapo wadau, Bibi alitoa lekcha. Alimtajia makato moja baada ya jingine. Akamweleza mbegu yake ya Lindi 02 kaipataje, ufuta unavyomwagika wote chini ukichelewa kukata, mnada unaendaje na hela inachukua siku ngapi njiani. Kile kisanduku cha "hana elimu ya mfumo" kilikufa palepale.

"Bibi, umewahi kuuza kangomba?"

"Jina langu unaandika?"

"Siandiki Bibi. Naandika namba tu."

"Basi andika ndiyo. Mwaka huu huu. Ndoo tano, ufuta ukiwa maua."

"Kwa sababu gani?"

"Nina mume wangu anasoma. Alinipigia simu hana hela ya kula."

Bwana Shamba akarudisha kidole juu kwenye tableti. "Bibi, samahani, hapa umeniambia wewe ni mjane."

Bibi akanionyesha kwa kidevu. "Si huyo hapo, anamenya mihogo."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Machi ile bumu lilichelewa, nikampigia Bibi, akanitumia elfu themanini. Nikajua kauza kuku na mbuzi. Siku ya kwanza nilikula chipsi kuku, siwafichi. Elfu themanini kwa ndoo tano ni elfu kumi na sita kila ndoo. Waliosubiri ghala walipata zaidi ya mara mbili ya hapo. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa na kisu mkononi. Na mimi ndiye nilikuwa nazunguka kijiji kizima kuwauliza wazee wa watu kama wana elimu.

Dodoso lilishapitishwa na msimamizi wake, halibadilishiki. Lakini mkutano wa chini ya mwembe ulikuwa wake, na pale hakutaja kangomba kabisa. Aliuliza, "Mwezi wa tatu nani aliwapigia simu?" Watu wakatazamana, wakaanza kucheka, kisha wakafunguka. Mtoto yuko bweni. Mgonjwa. Msiba. Ngoma ya mwali. Mzee mmoja akasema kangomba ndiyo benki yao ya masika. Mama mmoja akamkata: "Benki gani inakupimia kwa chombo chake?" Wakabishana mpaka adhuhuri, na Bwana Shamba akawa anaandika kwa kalamu, tableti kaifunika.

Mimi kangomba simtetei, chombo chake kina tumbo kubwa. Ila mpaka leo sijaona hela ya ghala inayotoka mwezi wa tatu.

Baadaye jamaa alinitumia ujumbe kwamba msimamizi amezungushia wino mwekundu maneno "mume anasoma", anataka yaelezwe au yaondolewe. Sijamuuliza alifanya lipi.

Sasa ni Machi tena, na bumu mnajua wenyewe lilivyo. Simu kwa Bibi nimepunguza. Juzi kapiga yeye. "Mume wangu, mbona kimya? Ufuta umeanza maua. Una hela ya kula?"

Nikamwambia ninayo.

Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Umekula nini leo?" Nikasema wali kuku. Akasema haya.

Saa kumi kasoro, nakimbilia kipindi. Mwenye noti za wiki iliyopita anitafute.