Mwandiko Uliosomwa Kericho

Enzi zetu, katika shule za Nyatike, mtoto alianza kuandika kwa kidole. Watoto wa chekechea tulichuchumaa chini ya mti, tukasawazisha vumbi kwa kiganja na kuchora a kubwa kama sahani. Ukikosea, ulifuta kwa mkono mambo yakaisha. Na vidole havikuwa vigeni kwa kazi hiyo. Kando ya mto Kuja tulishinda tukifinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi, na pembe nyembamba ya ng'ombe wa udongo huitengenezi kwa ngumi. Inataka vidole vitatu, vilevile vinavyoshika penseli.

Penseli yenyewe ilikuja darasa la kwanza, tena nusu. Mzazi aliikata katikati ili ndugu wawili wapate. Tuliichonga kwa wembe, raba tukaivaa shingoni kwa uzi isije ikapotea. Mwalimu alipita dawati kwa dawati. "Herufi zikae juu ya mstari! Acha nafasi ya kidole kati ya neno na neno!" Waliochanganya b na d aliwaambia b ana tumbo, d ana makalio. Darasa lilicheka, na hakuna aliyesahau.

Kiboko nacho kilikuwepo. Aliyetumia mkono wa kushoto alichapwa vidoleni hadi auhame, na wapo ambao mwandiko wao haujanyooka mpaka leo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Kwa hilo sina la kusikitikia.

Ninachosikitikia ni barua. Jioni, nyanya alikuita umwandikie mwanawe aliyekuwa akichuma majani chai Kericho. Alitamka kwa Kijaluo, nawe ukaandika huku daftari liko magotini na koroboi ikikufukizia moshi puani. Kusoma hakujua, lakini alikagua. Mistari ikipanda mlima, uliandika upya, maana mwanawe angeaibika mbele ya wenzake. Kisha ulisubiri. Jibu likirudi na noti iliyokunjwa ndani ya bahasha, ulijua kwamba r zako hazikudhaniwa kuwa v.

Siku hizi pesa za Kericho zinaingia kwenye simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na salamu zinatumwa kwa sauti. Mjukuu haitwi tena. Shuleni nako mengi yamegeuka. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwaingiza darasani watoto waliokuwa wamekosa nafasi, jambo jema, ila mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kushika mkono wa kila mmoja. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza, na hapo kidole kikarudi kazini, safari hii kwenye kioo. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, ambao insha yake ya dakika 40 iliwafanya wengi kuutunza mwandiko, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Madukani Migori mjini kuna vitabu vya nukta, mtoto anafuatisha hadi herufi itokee. Mpwa wangu wa Gredi ya Pili amemaliza kimoja, kizuri ajabu. Mpe karatasi tupu: penseli anaikamata kwa ngumi, herufi zinaelea, na y inaning'inia juu ya mstari. Hajawahi kuandika kitu ambacho mtu alikuwa akikingoja.

Basi, mzazi wa Rongo, wa Awendo, wa Isebania, mpe mwanao udongo afinyange kabla hujamnunulia kitabu cha nukta. Mwonyeshe kushika penseli kwa vidole vitatu, na mkono aupendao umwachie. Halafu orodha ya sokoni aiandike yeye, uende nayo. Akitaka sukari ikasomeka sukuma, mletee sukuma. Kesho atairekebisha r yake mwenyewe, bila kiboko.