Bonde la Mubuku, Mlango wa Mlima wa Theluji

Wengi wetu hudhani ya kuwa barafu ni mali ya Ulaya. La hasha! Magharibi ya Uganda, mpakani na Kongo, imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu, Margherita, kina kimo cha meta 5,109. Wakonzo, wenyeji wa huko, huiita Rwenzururu, yaani mahali pa theluji.

Tuliingia kwa njia ya Nyakalengija, si mbali na mji wa Kasese, tukaufuata mto Mubuku. Zama za kale mto wa barafu uliteremka katika bonde hili, ukilichimba na kurundika mawe kandokando. Juu ya tuta mojawapo limetulia Ziwa Mahoma. Njia hupita msituni penye mbega na vinyonga wenye pembe, kisha katika mianzi, na huko juu miti imevikwa ndevu za kuvumwani. Maji huporomoka kutoka magengeni kwa ngurumo, na mvua hainyimi siku. Matope hayana huruma: asiye na mabuti ya mpira atajuta.

Mzee aliyetuongoza, aliyeanza upagazi akiwa kijana, alinyosha fimbo kuelekea vileleni, akasema ya kuwa palipokuwa peupe enzi zake sasa ni mwamba mtupu. Hakutia chumvi. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipovipanda vilele hivyo, barafu ilienea zaidi ya kilometa 6 za mraba. Kufikia mwaka 2003 haikutimia hata 1.

Je, mito itakauka? Wataalamu wamepima, wakaona kuwa sehemu kubwa ya maji ni ya mvua, inayohifadhiwa na msitu na vinamasi, kisha huteremka hadi mashamba ya Mubuku, Ziwa George, na hatimaye Mto Naili. Basi ghala la maji ni msitu. Mafuriko yaliyoipiga Kilembe mwaka 2013 na 2020 yametufundisha jinsi mto unavyoweza kukasirika.

Atakayezuru achukue kiongozi mwenyeji, nguo za baridi, na asikate hata kijiti. Theluji hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu tunaweza kuulinda, ili jina likibaki bila theluji, wanetu wasikose na maji.