Ubongo wa kundi na ubongo wa mzee

Jioni zangu siku hizi zinaliwa na kitu kiitwacho ICA, yaani uchanganuzi wa vijenzi huru. Vitabu huieleza kwa mfano wa karamu yenye kelele, lakini mimi napendelea matatu. Weka maikrofoni tatu ndani ya matatu ya Thika Road na kila moja itanasa mchanganyiko wa muziki, injini na makelele ya makanga. ICA huzitenganisha sauti hizo tatu bila kuambiwa makanga amesimama wapi, mradi tu zisitegemeane.

Mwaka 1998 Martin McKeown na wenzake walionyesha kuwa hesabu hiyo hiyo inafaa kwa picha za fMRI, zile zinazopigwa mfululizo kila baada ya sekunde chache kufuatilia oksijeni katika damu ya ubongo. Hapa zinazotenganishwa ni ramani: moja ya sehemu za kuona, nyingine ya mikono, nyingine ni uchafu tu wa kichwa kilichotikisika.

Kwa mtu mmoja, safi kabisa. Taabu huanza wakiwa wengi, maana ICA haina mpangilio. Ramani ya 3 ya Akinyi yaweza kuwa ya 17 kwa Mutua, tena imegeuzwa chanya kuwa hasi. Wana-programu wenzangu, fikirieni majedwali mawili yasiyo na ufunguo, halafu mnaambiwa myaunganishe! Mwaka 2001 Vince Calhoun na wenzake walitoa dawa: punguza data ya kila mtu, zibandike zote pamoja kana kwamba ni mtu mmoja aliyepigwa picha kwa muda mrefu sana, fanya ICA mara moja, kisha urudi kwa kila mtu kumtafutia ramani zake.

Kubandika huko si mchezo. Katika mradi wa Human Connectome wa Marekani, kila mtu ana picha 4,800 zenye pointi 91,282 kila moja, yaani kama gigabaiti 1.75. Kwa watu 1,003 hiyo ni zaidi ya terabaiti moja na nusu, na kipakatalishi changu kina gigabaiti 8 za kumbukumbu. Njia waliyoitoa Stephen Smith na wenzake mwaka 2014 ndiyo iliyonifurahisha: unamleta mtu mmoja, unamwongeza kwenye jedwali, unabakiza mielekeo yenye nguvu, unatupa iliyobaki, unaita wa pili. Kumbukumbu haivimbi hata wakija elfu kumi.

Lakini angalia hapo kwenye kutupa.

Mjomba wangu alipata kiharusi mwaka jana na maneno yakawa mazito kinywani. Mwanawe, binamu yangu, alinitumia CD ya MRI na ujumbe: "Wewe si mtu wa tarakilishi? Mtie mzee kwenye hilo kundi lako tuone palipoharibika."

Kwanza, CD ile ina picha za umbo la ubongo tu; haina ule mfululizo wa fMRI. Hata ungekuwepo, ningekataa. Njia moja inayotumika sana ya kurudi kwa mtu binafsi huchukua ramani za kundi na kuuliza: hii inaonekanaje ndani yako? Kundi la Human Connectome ni watu wenye afya, wa miaka 22 hadi 35. Baada ya kiharusi cha upande wa kushoto, wakati mwingine upande wa kulia husaidia kazi ya lugha. Kama ndivyo kwa mzee, kundi halina ramani ya kumuuliza jambo hilo. Kumwongeza awe wa 1,004 hakusaidii pia, kwani kilicho chake peke yake ni kidogo mno mbele ya elfu moja na kitaenda na vinavyotupwa.

Nikamwandikia binamu kwamba palipoharibika daktari amekwisha paona kwenye CD hiyo hiyo. Hesabu ya kundi ingefaa kulinganisha, tuseme, watu mia waliopata kiharusi na mia wasiopata, wote wamepigwa fMRI kwa namna moja.

Akajibu: "Sasa hao mia tutawatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza mzee anaendeleaje na mazoezi ya kusema.