Siku Saba za Kwenda Chinguetti

Babu alituachia kasha la vitabu Lamu, na mchwa wakalifikia kabla yetu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Chinguetti, mji wa mchangani huko Mauritania, bado kuna familia zinazotunza hati za mkono za mababu zao majumbani, sikupata usingizi. Likizo yangu ilikuwa siku saba.

"Saba pamoja na kwenda na kurudi?" aliuliza mjomba.

"Pamoja, mjomba."

"Basi hizo ni nne."

Nikatandaza ramani mkekani. Mwanzoni tamaa ilinishika: Chinguetti, Ouadane, Tichitt na Oualata, miji minne iliyoingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996. Nilipopima umbali nikanywea. Oualata peke yake iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka mji mkuu, Nouakchott. Nikaifuta, na Tichitt nayo. Ouadane niliifuta kwa uchungu. Kuna pia lile garimoshi la madini ya chuma, kama kilomita 700 kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, ambalo watu hulipanda juu ya mabehewa wakila vumbi usiku kucha. Lilinitamanisha, lakini mgongo wangu naujua.

Nilichagua Januari. Julai ndio msimu wa guetna, wakati wa kuvuna tende, ila joto lake si la mtu aliyezoea upepo wa pwani. Nikafungasha koti zito, mtandio mrefu wa kujikinga na mchanga, na nakala 30 za pasipoti kwa ajili ya vizuizi vya askari. Niliona ni nyingi mno. Tulipofika mji wa Atar, njiani, zilikuwa zimepungua vibaya.

Nilichosahau kupangia ni chai. Dereva alisimama kwenye hema la jamaa zake, makaa yakawashwa, birika dogo likawekwa. Chai ikamiminwa kutoka glasi hadi glasi mpaka ikafanya povu, na huondoki kabla ya glasi ya tatu. Saa nzima na ushei ikapita. Nilitazama saa mara mbili. Mara ya pili mama mwenye hema akaniona, nami nikaivua nikaitia mfukoni.

Chinguetti tuliingia jioni, mnara wa mraba wa msikiti wa mawe ukiwa bado una mwanga kileleni. Asubuhi mzee mmoja alinipeleka kwenye mlango wenye komeo la mbao, akalifungua kwa ufunguo wa mbao vilevile. Ndani akashusha kitabu, akafunua taratibu. Karatasi ilikuwa na vitobo, vingine vimepita katikati ya herufi.

Kwa Kiarabu changu cha chuoni nikamuuliza ni nini kilichoila.

"Al-aradha," akasema. Mchwa.

Nikacheka, naye akaniangalia asielewe. Basi nikaketi chini, nikaanza kumweleza habari za kasha la babu.