Kipeo cha Pili na Baiskeli ya Umeme

Baiskeli tunayoitunza nyumbani ina betri ya volti 48 na kontrola ipitishayo ampea 20, yaani wati 960. Tulipotaka kuiongezea nguvu tulikusudia kuweka kontrola ya ampea 30, kwa kuwa betri yetu yaweza kutoa kiasi hicho. Kabla ya kushika spana tulifanya hesabu, na hesabu hiyo yawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Nguvu hupanda mara moja na nusu, zikawa wati 1,440. Lakini joto katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo: moja na nusu mara moja na nusu ni mbili na robo. Waya ule ule, uliokuwa vuguvugu tu katika kupanda mlima, sasa hupokea joto zaidi ya maradufu, na kiungo kilicholegea chaweza kuyeyusha plastiki yake. Basi tulianza kwa kuweka waya mnene zaidi, kisha breki (nazo zina kipeo chao: mwendo ukiwa maradufu, nishati ya kuzuiwa huwa mara nne).

Betri hatukuifungua. Ina seli 13 za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja hujaa kwa volti 4.2. Wanafunzi na wazidishe, watapata 54.6. Kisha waulizwe kwa nini chaja ya volti 58.8, iliyotengenezwa kwa seli 14, yaweza kuteketeza nyumba. Ya kwetu hujazwa barazani, mchana, tukiwapo.